Kanga Ahesabu Kwanza

Wanyama walipokuwa bado wanacheza mpira wa kikapu, mwamuzi wao alikuwa Kanga, mama wa vifaranga wachanga, aliyeogopa hata kivuli chake. Lakini siku timu ya Ngiri ilipokutana na Swala, hasira ilikuwa imeuzidi woga. Mechi iliyopita wachezaji waligombania kitabu cha pointi, meza ikapinduka, ikamwangukia kifaranga wake mmoja, na basi, ikawa ndiyo mwisho wake.

Kwa hiyo kabla ya filimbi akamwita Ngiri, nahodha mwenye majivuno. "Lete wachezaji wako mmoja mmoja, nilinganishe namba za migongoni na kitabu, ndipo utie sahihi."

"Mama Vifaranga, unatuhesabu kama wanao?" Ngiri akacheka, akatia sahihi bila kutazama.

"Ngiri, tazama!"

"Piga filimbi, mama, usitucheleweshee ushindi!"

"Haya. Mchezo ukianza, atakayetaka kitabu kibadilishwe atawapa wapinzani mtupo huru wa pointi moja."

Ngiri alijiweka akiba. Sekunde za mwisho, pointi mbili zilipobaki kuwafikia Swala, akaingia, akafunga, wakawa sare.

"Namba tisa haimo kitabuni," akasema Kobe, mwandishi wa pointi.

Ngiri alikuwa ameandikisha timu nzima, akajisahau mwenyewe.

"Niandike!" akanguruma, kwato juu ya meza.

"Shusha kwato! Wanangu wako chini ya meza hii! Na sahihi hii ni ya nani?"

Ngiri akaitazama, akanywea. Swala wakatupa mtupo wao, ukaingia, wakashinda.

Kanga hakungoja shangwe. Aliinama chini ya meza, akaanza kuhesabu.