Majani Yanayokula Nzi

Kisilu alipiga magoti kwenye jiwe lenye majimaji, akamtazama nzi akifa. Nzi mwenyewe alikuwa mdogo sana, amenata kwenye jani jekundu lenye nywele, na kila unywele ulikuwa na tone la utomvu kama ulimbo wa kutegea ndege. Kisilu alikuwa amepanda huku kumtafuta mbuzi aliyepotea. Sasa mbuzi alimtoka akilini kabisa.

Kumbe yapo.

Mwaka uliopita, 1972, mtu aliiba asali katika mzinga mkubwa wa Kisilu. Wazee waliwahoji wanaume wote wa kijiji, na mwanawe Musembi peke yake ndiye aliyekosa shahidi. Alisema alishinda kwenye jiwe hili akitazama majani yanayokula nzi. Wazee walicheka mpaka machozi. Kisilu hakucheka. Kuiba ni aibu, lakini kuiba kisha kuwatungia wazee hadithi kama hiyo! Alimfukuza siku hiyo hiyo.

Sasa kijana alikuwa akipakia magunia kwenye malori huko mjini Salama, na salamu zake hazikubadilika: hatarudi mpaka baba yake aseme kwamba yeye si mwizi.

Syokau, mkewe Kisilu, alilia mwaka mzima.

"Baba Musembi, huyu mtoto hakuiba," alikuwa akimwambia. "Mimi najua."

Mama gani hajui hivyo, Kisilu alimjibu, kisha akamnyima tena ile asali kidogo aliyoomba Syokau kwa kikohozi cha mamake. Asali ilikuwa ya pombe ya wazee. Mwanamke hakuruhusiwa hata kuusogelea mzinga.

Pale kwenye jiwe, Kisilu alilia. Kesho angepanda basi la Salama, amwombe mwanawe msamaha mbele ya wapakiaji wote, hata wakimcheka.

Akainua kichwa afute machozi, akiwa bado amepiga magoti pale pale aliposhinda Musembi. Ng'ambo ya bonde, mti wa mzinga ulionekana wote, kuanzia shina hadi kilele. Moshi mwembamba ulikuwa ukipanda kutoka matawini.

Mwizi amerudi. Kisilu akashika panga lake, akasimama.

Mtu alikuwa akishuka polepole, kibuyu kimening'inia mgongoni. Alikuwa Syokau. Alifika chini, akafunga leso yake vizuri, akashika njia ya kwa mamake.