Uso wa Mama Kwenye Kioo

"Huyu ni mama yako au ni vigae vya bafuni?" mke wangu Sumire aliuliza.

Picha ya msiba ilikuwa imekuzwa ienee fremu ya madhabahuni, na uso wa mama ukageuka miraba ya kijivu isiyo na macho. Kamera yangu ya kidijitali, ya kwanza mtaani kwetu Osaka, niliisifu hadi ile ya filamu nikaigawa.

"Tafuta nyingine."

"Nilizifuta. Kamera ilijaa."

Ni kwenye kioo kidogo cha kamera tu mama alikuwa bado anacheka. Nikaisimamisha kamera yenyewe katikati ya maua meupe.

Mtawa wa Kibudha akaanza kuomba, ndugu wakapanga foleni kufukiza ubani. Taa nyekundu ya betri ikaanza kumetameta.

"Sumire, betri."

"Ulizimaliza zote ukimpiga picha paka."

Mama mdogo akafika mbele, akavaa miwani, akakiinamia kile kioo. Kikazima, kikabaki na uso wake yeye, unaofanana na wa mama.