Ukumbi Unatafuta Pa Kuhamia

"Hicho nacho hakifai," Mhandisi alisema, akaisukuma karatasi katikati ya meza. "Ni kinamasi kitupu."

Katibu wa kamati alikipiga mstari kiwanja cha kumi na moja. Kalamu ikatoboa karatasi. Cha tisa kilikuwa na kesi ya mirathi, cha kumi walikuta kimeshajengwa kituo cha mafuta. Cha nane ndicho kilichomtia ghadhabu zaidi: Mwenyekiti alikipinga wiki tatu nzima, mpaka ikagundulika kwamba shemeji yake ndiye anayefuga ng'ombe pale.

Tangu siku hiyo Katibu aliipa kamati sheria mpya. Viwanja vitajadiliwa kwa namba tu, zile za upimaji mpya ambazo bado hazijakaa kichwani mwa mtu yeyote. Hakuna kutaja mtaa wala jirani. Asiyejua kiwanja ni cha nani hatapata wa kumtetea.

Miezi saba walikuwa wakipigwa danadana. Barabara mpya ilipangwa kupita palepale uliposimama ukumbi wa zamani wa manispaa, na njia zilikuwa mbili tu: kuuhamisha jiwe kwa jiwe, au kuubomoa. Mafundi wa kuuhamisha walikuwepo, tena wenye ari. Kilichokosekana ni mahali pa kuupeleka. Wenye barabara walitaka jibu leo kabla ya saa sita mchana. Wasipolipata, wangeleta tingatinga. Saa ya ukutani ilionyesha tano na nusu.

"Tukubali yaishe," Mhandisi alisema, akipiga miayo. "Kwani ni nini? Mawe tu haya."

Mawe! Katibu aliuma meno. Mama yake alifagia ngazi za ukumbi huu miaka ishirini na sita, tangu yeye akiwa mgongoni, mpaka magoti yakagoma. Herufi zake za kwanza alizisoma kwenye vibao vya milango hii. Leo alikuwa ameketi ghorofani, katika chumba ambacho mama yake aliingia kwa ufagio tu na hakuwahi kuvuta kiti. Na huyu bwana anamtaka aandike "ubomolewe" kwa mkono wake mwenyewe? Thubutu.

"Kuna kingine," Mthamini alisema. Alikuwa mgeni kazini, hana hata miezi miwili, na asubuhi nzima alikuwa hajafungua mdomo. "Namba 214. Ni tambarare, maji yapo, tena ni mali ya halmashauri yenyewe."

"Mbona hukusema siku zote hizi?"

"Sikuulizwa."

Kidogo Katibu amrushie kibanio cha karatasi. Alivuta pumzi, akahesabu mpaka tano.

"Kina mtu?" Mwenyekiti aliuliza.

Mthamini alifunua daftari lake. "Kijumba kimoja chakavu. Mkaaji ni bikizee mmoja. Nilipomwomba hati akasema hana, nimsubiri mwanawe ndiye mwenye maelezo."

"Wote wana mwana wa kusubiriwa," Mwenyekiti alisema.

Meza nzima ikacheka. Katibu naye alicheka, kwa mara ya kwanza wiki ile.

"Kanuni inadai siku tisini za kumhamisha," Mhandisi alikumbusha, na ilionekana wazi kwamba alifurahi kuwa na la kukumbusha.

"Kuna kifungu cha dharura," Katibu alimjibu papo hapo. Kanuni alizijua kuliko wote mle ndani. "Siku saba. Mafundi wanaanza kushusha mawe wiki ijayo, tutayaweka kichwani?"

"Na akiomba muda?"

"Asipewe. Tumezungushwa vya kutosha na watu wenye hati zao, tutazungushwa na asiye nayo?"

Mikono ikanyooshwa. Hata wa Mhandisi ulipanda, ingawa ulipanda kwa uvivu. Zilikuwa zimebaki dakika kumi na mbili.

Katibu hakumwachia mtu barua ile. Aliichapa mwenyewe, akatia saini, akagonga muhuri mpaka meza ikatikisika, akampa tarishi wa pikipiki kabla wajumbe hawajamaliza kuvaa makoti yao. Mthamini alimwelekeza tarishi njia huko chini uani. Kisha Katibu akawapigia simu wenye barabara na kuwaambia, kwa sauti iliyojaa kiburi, kwamba tingatinga lao walipeleke kwingine.

Jioni alirudi nyumbani kwa miguu. Viatu vilimbana lakini hakuvisikia. Miezi saba alikuwa akiingia mlangoni amenuna, hataki kuulizwa kitu, na mama yake alishazoea kumpokea kimya kimya. Leo alianza kuita tangu mbali.

"Mama! Ukumbi wako haubomolewi!"

Mama yake alikuwa kizingitini pa kile kijumba cha halmashauri walichompa alipostaafu, magoti ameyanyoosha mbele. Uso ukamchangamka.

"Mungu mkubwa! Na zile ngazi je?"

"Ngazi, madirisha, kila kitu. Unahamishwa mzima mzima."

"Afadhali, mwanangu. Nilijua hutashindwa." Mama alimshika mkono, akautikisa kwa furaha, kisha akachukua karatasi iliyokuwa chini ya paja lake. "Haya, sasa nisomee na hii, herufi ndogo zinanishinda. Kaileta mtu wa pikipiki mchana. Na yule bwana wa kupimapima aliyekuja juzi nilimwambia akusubiri wewe utoke kazini, hakutaka. Hapa chini naona kuna saini. Ni ya nani hii?"