Mkrismasi wa Nungunungu

Tegeni masikio, kisa cha Nungunungu hakichukui muda. Bwana huyu aliishi peke yake, akilea mkrismasi mlangoni kwake ili siku ukichanua apate wa kukaa naye kivulini.

Wakati wa masika jirani yake Kanga alikuja, akabisha hodi. Nungunungu alikuwa akipalilia.

"Bado, dada yangu," akamwambia. "Njoo mti ukichanua."

Kipupwe kilipoingia Kanga akarudi. Nungunungu alikuwa akifagia majani yaliyopukutika, akaona haya.

"Nitakukaribishaje kwenye mti ulio uchi namna hii? Subiri kidogo."

"Mimi sikuja kuona mti," Kanga alisema.

Lakini Nungunungu alikuwa ameshageuka kwenda kuteka maji ya kumwagilia.

Mvua za vuli zikanyesha, na asubuhi moja mkrismasi ukawaka mwekundu matawi yote. Nungunungu akafagia uwanja, akatandika mkeka, akatoka mbio hadi kwa Kanga. Akakuta kiota kitupu, na Kenge akiota jua kando yake.

"Kanga alihama tangu kipupwe," Kenge alisema. "Alikuona unavyofagia kila siku, akasema una mgeni wako mkubwa unayemngoja, na yeye hakutaka kukusumbua."

"Mgeni mwenyewe ni yeye!"

"Ulimwambia hivyo, au ulimwambia asubiri tu?"

Nungunungu akarudi, akaketi mkekani. Maua yakamdondokea, yakanasa kwenye miiba yake.

"Karibu," akasema, na hapakuwa na aliyebisha hodi.