Kata Vizuri, Mwanangu

Tangu sheria ipige marufuku mimea isiyoliwa, kila ukuta wa Voi uliwekwa kamera, jicho la serikali. La ukutani kwa Mama Mkawasi lililiona waridi lake la jangwani, limechanua jekundu katikati ya kiangazi bila tone la maji.

Askari wa mimea akaja na panga.

"Hili linaliwa, mama?"

"Linatazamwa. Kata, mwanangu. Kata vizuri."

Akalikatakata, akatupa matawi barabarani, akaenda zake.

Hakujua waridi hilo hupandwa kwa tawi: unaacha kidonda kikauke kivulini, unalichomeka mchangani, basi.

Mama Mkawasi alipotoka na kikapu kuyaokota matawi, alikuta majirani wameshayachukua yote. Jicho likamgeukia. Akaliinulia kikapu kitupu.

"Haya, sasa anza kutafuta."