Wino wa Mwaka Juzi

Hakuna aliyeijua maktaba ile ya chuo kikuu kama mkutubi wake, Mama Rafu. Kitabu chochote angekutajia jina kwa kupapasa mgongo wake tu, macho kayafumba. Haya, jicho moja aliliacha wazi.

Siku ya tatu sasa maprofesa wawili walikuwa wakikagua vitabu, miayo imewazidi. Amri ilikuwa moja: kitabu kisichoazimwa miaka mitano kikasagwe kiwandani.

Miguu ilimvimba Mama Rafu, lakini alisimama palepale. Iliyofuata ilikuwa tasnifu nyembamba kuhusu visima, kazi ya marehemu mumewe. Tangu iwekwe pale, hakuna aliyeiazima.

"Na hii je, mama?" akauliza profesa mnene.

"Hiyo? Wanaigombania, baba! Angalia mihuri kwa nyuma. Mwaka juzi peke yake, mara nne."

Profesa akafunua jalada, akapitisha kidole gumba juu ya tarehe zile nne, polepole, kama mtoto anayejifunza kusoma. Akaitikia kwa kichwa. Ibaki.

Kisha akajifuta jasho la paji kwa mkono uleule, na mwenzake akaangua kicheko.

"Profesa, umejipaka nini usoni?"

Paji zima lilikuwa zambarau. Wakamgeukia Mama Rafu, naye akawahi kuficha vidole mfukoni, vya rangi ileile.