Kaburi la Manyama

Siku Manyama alipofariki, kaburi lake lilikuwa limeshachimbwa nyuma ya nyumba, ubavuni mwa kaburi la mama yake, bwana afya alipofika na kipimo. Sheria ilitaka kila maiti ipimwe sumu ya dioksini kabla ya kugusa udongo. Kipimo kilipowekwa tumboni, taa nyekundu iliwaka.

"Huyu hazikwi hapa," akasema bwana afya.

Bwire, mdogo wa marehemu, aliegemea koleo. "Sasa tumlaze wapi, bwana afya, kabatini?"

"Alikuwa anakula nini sana?"

"Sangara," akajibu Nyabise, mjane. "Lile tumbo lenye mafuta. Nilimwekea yeye, baba mwenye nyumba."

Bwana afya alishusha pumzi. Moshi wa plastiki zinazochomwa damponi huangukia ziwani, akaeleza, na sumu yake hukaa kwenye mafuta ya samaki. "Ungempa mkia kama watoto, mama, leo mngemzika."

Nyabise alikaa chini palepale. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa akimchagulia kipande kile kwa mkono wake.

Kaburi lilifukiwa tupu. Manyama yumo ndani ya pipa la chuma katika ghala la serikali, na mkewe huruhusiwa kumtembelea kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, akiwa amevaa glavu.